Pindo la Kanga ya Bibi Sechelela

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu walioshinda na njaa. Nimewaona kwa macho yangu mkimaliza ugali, na ukoko mkakwangua. Nipeni pakawa ya walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Sogeeni, ila moto mwuachie nafasi yake, usije ukamchoma mtu nikaambiwa ni hadithi yangu. Na wewe Chilewa, toa hicho kidole jichoni. Leo nakusimulia wewe, hawa wengine wanasikiliza tu.

Hapo zamani za kale, wakati paka na nzi wakimwamkia mtu naye akaitikia, palikuwa na kijiji kimoja kikiitwa Vumbini. Mvua ya Vumbini ilikuja ikijisikia. Kisima kilikuwa mbali. Mama alitoka nyumbani jogoo wanawika, akarudi jua limeshakuwa kali, ndoo iko kichwani na shingo inauma. Kwa hiyo maji ya Vumbini yalikuwa na wenyewe. Kwanza ng'ombe, halafu sufuria, halafu koo. Uso haukuwamo kabisa.

Ukimwona mtu wa Vumbini ananawa uso, basi ni siku ya harusi yake. Ukinawa siku nyingine, jirani anachungulia juu ya ua anakuuliza, "Ee mwenzangu, unaolewa na nani?" Na kicheko hicho utakisikia mpaka wiki iishe. Watu wakaogopa kuchekwa, wakakaa na nyuso zao kama zilivyo.

Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja mzee, Bibi Sechelela. Niwaambie ukweli, nampenda huyu bibi. Hakuwa na mali, lakini hapakuwa na mtoto Vumbini aliyelia akakosa mtu, maana Bibi Sechelela alikuwa na kanga yake. Nyekundu, pindo jeusi. Marehemu mumewe alimletea kutoka mnadani alikokwenda kuuza mbuzi, miaka mingi nyuma, na maandishi yake yalikuwa yameshafifia kabisa kwa machozi ya watoto wa watu. Mtoto ameanguka, Bibi anashika pindo la kanga. Mtoto amepigwa na mwenzake, pindo la kanga. Mtoto macho yanamwasha tu, pindo la kanga. Na anaimba:

*Njoo kwa Bibi, Bibi akufute.*
*Njoo kwa Bibi, uache kulia.*

Basi mtoto anafutwa jicho hili, anafutwa jicho lile, anacheka, anakimbia. Anakuja mwingine. Pindo ni lile lile. Jioni Bibi anajifuta na yeye, kisha anajifunika kanga yake, analala.

Bibi Sechelela alilea mjukuu wake mmoja, jina lake Nyemo. Kama bibi wote walivyo, alimtania akimwita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, njoo unitungie uzi!" Maana Bibi alikuwa fundi wa kushona viraka, na macho yake yalikuwa yamechoka. Kope zake zilikuwa zimegeuka, zimeingia ndani, zinakwaruza jicho kila akipepesa. Alizing'oa kwa kibanio, zikaota tena. Hakumwambia mtu. Aliona ni uzee tu, na uzee huwezi kuushtaki kwa mtu.

Lakini Nyemo! Nyemo alikuwa na macho, jamani. Ng'ombe wakiwa bado vumbi tu huko mbali, yeye anasema, "Yule mwekundu wa Mzee Chidosa anachechemea." Uzi aliutia tunduni mara moja, hata ulimi hakuutoa. Bibi alikuwa akimwambia, "Mke mwenzangu, mimi nitakufa na macho yako." Alimaanisha kwamba macho ya mtoto ndiyo yaliyobaki kumwongoza, naye hakuwa na hofu.

Humo nyumbani alikuwamo Paka. Paka huyo alikuwa na tabia moja. Akimaliza kula anakaa, analamba kiganja, anajipangusa uso. Jicho hili, jicho lile, nyuma ya sikio. Bibi alipomwita aje afutwe, Paka aliteleza kama samaki.

"Ana maringo huyu," Bibi alisema. "Kanga yangu anaiona haimfai."

Na alikuwapo Nzi. Nzi ana adabu, msimseme vibaya. Haingii bila hodi. Anafika machoni pa mtoto, anasema, "Hodi macho!" Tena anajijibu mwenyewe, "Karibu!" Anakaa pembeni mwa jicho, anakunywa, anasugua mikono, anashukuru. Watu wa Vumbini walimzoea. Walisema mji wenye ng'ombe ndio wenye nzi, kwa hiyo kumfukuza waliona kama kuifukuza riziki.

Sasa siku moja watoto wa Vumbini wakaamka macho mekundu. Matongo yamegandisha kope, mtoto hafungui jicho mpaka abanduliwe. Mzee Chidosa, mkubwa wa kijiji, akaita watu.

"Ni vumbi hili," akasema. "Fagieni nyua zote!"

Wakafagia. Vumbi lote lililokuwa limelala chini likaamka, likapanda juu. Watoto wakalia. Bibi Sechelela akashika kanga yake, akafuta mmoja baada ya mwingine, *njoo kwa Bibi, Bibi akufute.* Nzi akashukuru. Macho yakazidi.

Paka akamsogelea Bibi. "Bibi, nina neno."

"Nyamaza, una maringo."

Mzee Chidosa akaita watu tena. "Si vumbi. Ni moshi. Mafiga yote yatolewe nje!"

Wakatoa mafiga. Wakapika juani, wakala ugali wenye mchanga, wakatafuna kwa kelele. Watoto wakalia. Bibi akashika kanga yake, *njoo kwa Bibi, Bibi akufute.* Nzi akashukuru. Macho yakazidi.

"Bibi, nina neno."

"Nyamaza, nimekwambia."

Mzee Chidosa akaita watu mara ya tatu. Safari hii hakupiga kelele. Alinong'ona, akiangalia huku na huku. "Kuna mtu ana jicho baya. Wavalisheni watoto hirizi."

Wakawavalisha. Majirani wakaanza kutazamana vibaya, huyu hamsalimu yule, yule hamwazimi huyu chumvi. Hirizi zikaning'inia shingoni, na juu ya hirizi macho mekundu yale yale. Watoto wakalia. Bibi akafuta, akafuta, akafuta, mpaka pindo likakauka likawa gumu. Nzi akashukuru. Macho yakazidi.

"Bibi, nina neno."

"Paka! Ukisema tena utalala nje!"

Paka akanyamaza. Na nyinyi mngefanya nini? Mwenye nyumba amekataa.

Asubuhi moja Bibi Sechelela alikuwa mlangoni na gauni la mtu la kutiwa kiraka. Akaita, "Mke mwenzangu, njoo unitungie uzi."

Nyemo akaja akipapasa ukuta. Akaketi. Akachukua sindano, akaisogeza karibu. Akaisogeza karibu zaidi, karibu kuitia puani. Akaigeuza. Akajaribu upande wa pili.

"Bibi," akasema, "sindano yako haina tundu."

Bibi akacheka. "Acha utani, mke mwenzangu. Jana ilikuwa nalo."

"Haina tundu, Bibi. Nimetafuta."

Bibi akaacha kucheka. Aliichukua ile sindano, akaipapasa kwa ukucha, na tundu lilikuwapo. Hapo akaelewa. Alimshika mtoto mashavu kwa mikono miwili na kumtazama kwa hayo macho yake yanayokwaruzwa, akaona ukungu mwekundu mahali palipokuwa na macho ya Nyemo. Bibi wa watu akalia. Amefuta machozi ya kijiji kizima, leo yake yanamwagika mapajani.

"Si wewe," akasema. "Chukua ya kwangu, mimi nimeshaona ya kutosha. Si huyu."

Na kwa mazoea, mkono wake ukashika pindo la kanga ukaenda machoni pa Nyemo.

Paka akaruka. Alinasa lile pindo kwa meno, akavuta, kanga ikamtoka Bibi mabegani. Bibi akavuta huku, Paka akavuta kule.

"Paka, umekuwa mwizi?"

"Bibi, nilale nje, nilale juu ya mti, nilale popote. Lakini leo utanisikiliza."

"Sema basi!"

"Sisemi. Ningesema mimi ungesema ni maringo. Weka kanga mapajani, ukae kimya, usikilize mwenyewe. Macho yako yamechoka, lakini masikio yako hayajambo."

Bibi akaweka kanga mapajani. Akamshika Nyemo mkono. Wakakaa kimya, hata kuku wa uani wakanyamaza. Mara, zzzzz. Nzi huyo, na wanawe nyuma.

"Hodi kanga!" akasema Nzi. "Karibu! Njooni wanangu, hapa pindoni. Hapa pana unyevu wa macho ya mtoto wa jirani, pana na ya watoto wa Mzee Chidosa, pana na ya Nyemo."

"Mama," kitoto cha nzi kikauliza, "sisi tutachukua kidogo kwa miguu hii. Tutawafikiaje watoto wote?"

Nzi akacheka. "Jisumbueni ya nini? Tunachobakiza sisi, Bibi Sechelela anatusaidia kukibeba. Anakitoa kwa huyu, anakipeleka kwa yule, tena kwa wimbo. Mshukuruni Bibi, wanangu. Hatuna rafiki kama yeye."

Na wale nzi wote wakasugua mikono wakaimba kwa vijisauti vyao, *ahsante Bibi, ahsante Bibi, ahsante Bibi.*

Jamani. Kutukanwa mtu unavumilia. Lakini kushukuriwa namna ile!

Bibi Sechelela akaikung'uta kanga. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ni mimi."

"Si wewe," akasema Paka. "Ni pindo, na ni Nzi, na ni uso usionawishwa. Wewe ulikuwa na upendo tu, Bibi, na upendo hauna ubaya. Ila pindo moja kwa macho ya watu wote, hapo ndipo tulipoteleza."

"Ungeniambia!"

Paka akamtazama tu, na Bibi akacheka huku analia, maana alikumbuka.

"Basi nitawanawisha," akasema. "Lakini maji, Paka! Maji ya kunawisha kijiji yatoke wapi? Wanawake watanipiga na ndoo."

"Mimi nanawa kila siku. Umewahi kuniona kisimani? Mate ya kiganja kimoja yananitosha. Uso ni mdogo, Bibi. Hauhitaji beseni."

Bibi akafikiri. Akainuka, akachukua kibuyu chake cha maziwa. Akaweka ile sindano kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, ile ile ambayo Nyemo hakuliona tundu lake, akatoboa kibuyu karibu na kitako. Akachonga kijiti cha kuzibia. Akakining'iniza kwenye mti wa ua kwa kamba. Ukichomoa kijiti maji yanachirizika kama uzi, ukichomeka yanakata. Watu baadaye wakakiita kibuyu chirizi. Kikombe kimoja cha maji, nyuso za nyumba nzima.

Akamnawisha Nyemo kwa sabuni kidogo, maji yanayopita, si ya kukaa kwenye bakuli. Akamwacha akauke kwa upepo. Kisha akanawa na yeye, akatoka barabarani uso unang'aa.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Ee Bibi Sechelela! Unaolewa na nani?"

"Naolewa upya!" akajibu Bibi. "Mwenye wivu naye akanawe!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini walikuja kuona. Bibi akawaeleza yote, bila kujificha, alivyosikia Nzi akimshukuru. Mzee Chidosa naye akaja, ndevu zimejaa vumbi.

"Basi kanga ichomwe moto," akaamuru.

"Hiyo kanga ni ya mume wangu," akasema Bibi. "Haichomwi. Nimetumwa na kanga hii siku nyingi, leo naituma mimi."

Akaitia kwenye sufuria, akaichemsha mpaka maji yakatokota na kutokota tena. Akaianika juani ikakauka kau. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akafumba macho. Nadhani alikuwa anamwomba ruhusa marehemu. Chaa! Akaipasua. Chaa! Chaa! Kila mtoto wa Vumbini akapata kipande chake, awe nacho mwenyewe, akifue mwenyewe, asimwazime hata pacha wake.

"Kila jicho na kitambaa chake," akawaambia. "Ukimwazima mwenzako, nakuja kukunyang'anya, na unajua mimi nakuja kweli."

Sasa kuna wajanja hapa wataniuliza, kunawa kuliponya macho yaliyokwisha kuugua? Hapana, baba, sidanganyi. Kunawa kulizuia, hakukuponya. Walioumwa walipelekwa zahanati. Ndiyo, hata zamani za kale kulikuwa na zahanati, msinibishie, nani anasimulia? Mganga akapindua kope za Nyemo, akaangalia, akasema, "Huu ni ugonjwa wa vikope. Mngechelewa miaka mingi, kope zingegeuka ndani kama za bibi yako, na jicho lingekwisha. Lakini mmewahi." Akawapa dawa watoto na watu wazima wa kijiji kizima, maana ukimtibu mmoja na mwenzake bado anaumwa, unachota maji kwa ungo. Bibi Sechelela akafanyiwa upasuaji mdogo, kope zikarudishwa nje. Ule uoni uliokwisha kupotea haukurudi. Ila kukwaruza kulikoma, na usiku wa kwanza alilala usingizi kama mtoto aliyeshiba.

Paka naye akatoa siri ya mwisho. Alisema watoto wa Nzi wanazaliwa nyuma ya nyumba, kule vichakani watu wanakokwenda kujisaidia. Mzee Chidosa akakohoa, akaangalia kwingine, maana kichaka chake kilikuwa maarufu. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuchimba choo, tena alichimba shimo refu kuliko ya wote, akaweka na mfuniko.

Nzi akaja. "Hodi macho!" Akajijibu, "Karibu!" Akatua. Uso mkavu, safi, hakuna cha kunywa. Akaenda kwa mwingine. Mkavu. Akaenda kwa wa tatu. Mkavu. Akasugua mikono bila kushukuru mtu, akawaita wanawe, wakahama.

Kope za Nyemo zikashuka uvimbe, wekundu ukaondoka taratibu. Jioni moja, jua linazama, alisema kutoka mlangoni, "Bibi, yule ng'ombe mwekundu wa Mzee Chidosa hachechemei tena."

Bibi alisikia hayo akaketi chini hapo hapo. Machozi yakamtoka, ya furaha haya. Mkono ukaenda begani kutafuta kanga. Haipo. Alikuwa ameipasua yote, amegawa yote, mwenyewe akajisahau. Watoto waliokuwa uani wakamwona analia. Wote wakakimbia, kila mmoja amenyoosha kitambaa chake.

"Nani kawaambia?" Bibi akawakemea, pua imeziba. "Kila jicho na kitambaa chake!"

Wakasimama. Vitambaa mkononi, hawajui wafanye nini na bibi yao anayelia.

Nyemo akaingia ndani. Akatoka ameficha kitu mgongoni. Zile chembe za kanga zilizoanguka chini siku ile ya kupasua, vijipande visivyotosha kitambaa cha mtoto yeyote, alikuwa ameviokota vyote. Ameviosha, ameviunga kimoja kwa kingine kwa sindano ya Bibi, mishono midogo midogo iliyonyooka, na pembeni ameweka kijipande cha lile pindo jeusi.

Akamshika Bibi mkono, akamwongoza mpaka kwenye kibuyu. Akachomoa kijiti. Akamnawisha uso polepole, jicho hili, jicho lile, akiimba:

*Njoo kwa Nyemo, Nyemo akunawishe.*
*Njoo kwa Nyemo, uache kulia.*

Akamwekea kitambaa kiganjani. Bibi akakipapasa, vidole vikapita juu ya mishono, mmoja mmoja, mpaka vikafika kwenye pindo vikakaa hapo.

"Nani kakutungia uzi, mke mwenzangu?"

"Nimetunga mwenyewe, Bibi," akasema Nyemo. "Sindano yako ina tundu."

Hadithi yangu imekauka hapo, kama uso wa Bibi kwenye upepo wa jioni. Chilewa, kibuyu kiko pale mlangoni. Nenda kanawe, sisi tunakusubiri.